Dakika kumi za mwisho wa kipindi: ninavyowaandaa Darasa la Saba bila kusimamisha masomo

Nafundisha Hisabati na Sayansi Darasa la Sita na la Saba katika shule ya serikali huku Kilosa. Mwaka huu Darasa la Saba wako 83 kwenye chumba kimoja. Wanaoniuliza zaidi kuhusu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni walimu waliokabidhiwa darasa hilo kwa mara ya kwanza, na swali lao huwa lile lile: nimalize mada zilizobaki, au nianze kuwafanyisha mitihani? Kwangu hiyo ni kazi moja. Nitaeleza ninavyoifanya, hatua kwa hatua, na mzazi naye atapata lake humu.

Nilijifunza baada ya kuwakosesha watoto wa watu. Mwaka wangu wa kwanza na Darasa la Saba nilifunga vitabu mwezi Mei. Kuanzia hapo, kila siku niliandika ubaoni mtihani wa mwaka fulani, wakanakili, tukasahihisha, kesho yake mwingine. Kufikia Julai walikuwa wananijibu kwa sauti moja kabla sijamaliza kusoma swali. Nikafurahi. Siku moja nikabadilisha namba kwenye swali la eneo la mstatili, maneno nikayaacha yale yale. Msichana wa dawati la mbele, mmoja wa walioongoza darasa, akanyoosha mkono: "C, mwalimu." Nikamuuliza amepataje. Akasema, "Ni C, tulilifanya juzi." Wenzake wote wakamuunga mkono. Jibu la C safari hiyo lilikuwa mzingo, si eneo. Miezi miwili nilikuwa nimewafundisha herufi.

Tangu hapo sisimamishi masomo kwa ajili ya mtihani. Mtihani nauingiza ndani ya somo.

Kwanza ujue anakwama wapi

Wiki ya pili ya Januari natoa maswali kumi ya Hisabati kutoka mada za Darasa la Tano na la Sita. Wakati wanayafanya, namwita mmoja mmoja mezani kwangu anisomee aya moja ya kitabu cha Sayansi kwa dakika moja. Kwa darasa la watoto 83 kazi hii inanichukua siku nne, na sijawahi kuijutia. Mwaka huu 11 walisoma kwa kuunga silabi. Mtoto wa namna hiyo akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake, kwa hiyo swali la mafumbo la Hisabati linamshinda kabla hajafika kwenye hesabu yenyewe. Ukimwongezea hesabu za ziada unamtesa bure. Hawa 11 nawapa robo saa ya kusoma kila asubuhi kabla ya paredi, kila mmoja na mwenzake anayesoma vizuri, na wanachosoma ni ukurasa wa somo tutakalofundisha siku hiyo hiyo. Akiingia darasani, maneno ameshakutana nayo.

Zile karatasi za maswali kumi sizitazami alama. Pembeni ya kila kosa naandika herufi moja: M kama mada haijui, S kama swali hakulisoma vizuri, H kama njia ni sahihi lakini amekosea kujumlisha au kuzidisha, na T kama muda ulimwishia. Watoto wawili wanaweza kupata nne ya kumi wote, mmoja ana M sita, mwingine ana T sita. Wa kwanza anahitaji kufundishwa upya. Wa pili anajua, ila ni mzito wa meza ya kuzidisha, na dakika tano za meza kila siku zitambadilisha kufikia Aprili.

Hapo hapo Januari nawatazama wanaokunja macho wakisoma ubaoni. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na za Braille kwa wasioona, na huwaongezea muda, lakini ni lazima mtoto aandikishwe hivyo mapema. Ukigundua Agosti, umechelewa. Mwite mzazi, mtoto apelekwe hospitali akapimwe macho, na mwalimu mkuu ajulishwe kabla ya usajili kufungwa.

Dakika 30 za mada, dakika 10 za swali

Kipindi chetu ni dakika 40. Thelathini za mwanzo nafundisha kama ilivyo kwenye azimio la kazi. Kumi za mwisho tunafanya swali moja la mtihani linalotokana na somo la siku hiyo. Moja tu. Mwalimu mwenye haraka ataona ni dogo, lakini swali moja lililochimbwa hadi mizizi linafundisha kuliko arobaini yaliyowekewa tu alama ya vyema.

Nichukue somo la kujumlisha sehemu. Naandika ubaoni 1/2 + 1/3, na machaguo matano: A ni 2/5, B ni 1/6, C ni 5/6, D ni 2/6, E ni 1/5. Kila mmoja anaandika herufi yake kwenye daftari bila kusema. Halafu siulizi jibu ni lipi. Nauliza, "Aliyechagua 2/5 alikuwa anafikiri nini?" Darasa linachangamka. Mmoja anasema amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwingine anaona kwamba wa 1/6 amezidisha. Wa 2/6 amepata KDS (kigawe kidogo cha shirika) vizuri, asili, yaani namba ya chini, ameiweka 6, lakini kiasi, namba ya juu, hakukibadilisha. Wa 1/5 amezidisha juu, akajumlisha chini. Hakuna anayechekwa, maana tunazungumzia wazo, hatumzungumzii mtu, ingawa mwenye wazo lake analijua na anasikia lilipokosea.

Majibu yale yasiyo sahihi watunga mitihani wanayaita vipotoshi, na mengi hayawekwi ovyo. Mengi yanatokana na makosa ambayo watoto huyafanya kweli. Mtoto akishaelewa hivyo anaacha kuamini kwamba hesabu yake ni sahihi kwa sababu tu ameikuta kwenye machaguo. Kufikia mwezi wa tatu nawaachia watunge wenyewe: jibu moja sahihi na vipotoshi vinne, na kila kipotoshi wakieleze. Anayeweza kutunga kipotoshi kizuri mada hiyo ameimaliza.

Mfano mwingine ambao lazima niuseme, kwa sababu kila mwaka naukuta: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tumewafundisha neno hilo na linawasaidia, lakini linaficha shimo. Waandikie 12 − 5 + 3. Nusu ya darasa watajumlisha kwanza 5 na 3 wapate 8, watoe kwenye 12, wabaki na 4, na watakuapia kwamba JU iko mbele ya TO. Kwenye GA na ZI hawadhuriki, kwa sababu ukitanguliza kugawanya jibu halibadiliki. Shimo liko kwenye kujumlisha na kutoa, ambavyo vina daraja moja na hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi nawaambia: mama ana mayai 12, kauza 5, kuku wakataga mengine 3. Anayo mangapi? Wote wanasema 10, hata wale 11 wangu. Basi narudi ubaoni na tunaandika hadithi hiyo kwa namba. Baada ya hapo mtu akiteleza, mwenzake anamwambia "mayai", na anajirekebisha.

Kwenye Sayansi dakika kumi hizo zinategemea mikono ilifanya nini. Tulipofika kwenye kuota kwa mbegu tulipanda kunde kwenye makopo matatu: la kwanza lina pamba yenye maji kidogo, la pili pamba kavu, la tatu mbegu ziko ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, juu yakamiminiwa mafuta ya kula kuzuia hewa. Siku ya nne kopo la kwanza tu ndilo lililoota. Swali la dakika kumi lilikuwa: mbegu za kopo la tatu zilikosa nini? Ukilikuta swali hilo kwenye mtihani likiwa na mchoro wa chupa za maabara, ni lile lile. Aliyeliona kopo hatababaishwa na chupa.

Masomo mengine sitayasemea sana kwa kuwa siyafundishi. Mwenzangu wa Kiswahili hutumia dakika zake kwa neno moja au methali moja iliyojitokeza kwenye somo, na ndiye aliyenionyesha kwamba watoto wetu wanachanganya kifungua mimba na kitinda mimba hata kama wao wenyewe ndio wa kwanza au wa mwisho nyumbani kwao. Wa Kiingereza anawasomesha swali kwanza, kisha habari, ili mtoto ajue anatafuta nini katika lugha ambayo anaisikia darasani tu.

Daftari la makosa

Kila mtoto ana daftari dogo la kurasa 40 ambalo haliandikwi kitu kingine. Kosa moja au mawili kwa siku, si zaidi, kila moja kwa mistari mitatu: swali lenyewe, nilifikiri nini, sasa najua nini. Ule mstari wa pili ndio mgumu. Mwanzoni wote wanaandika "nilikosea". Wanarudishiwa. Baada ya wiki tatu hivi unaanza kusoma vitu kama "nilidhani kilo moja ni gramu 100 kwa sababu mita moja ni sentimita 100." Mwalimu akisoma sentensi kama hiyo anajua cha kufundisha kesho, na hakuna mtihani wa majaribio utakaokupa taarifa hiyo.

Ijumaa, kipindi cha mwisho, wanabadilishana madaftari na kuulizana. Mimi nazunguka tu.

Mitihani iliyopita ina wakati wake

Siipingi mitihani iliyopita. Ninachokataa ni kuimwaga yote Januari. Ninaikata kwa mada, si kwa mwaka: maswali yote ya asilimia pamoja, ya pembe pamoja, ya takwimu pamoja. Nayaandika kwenye karatasi za manila kwa kalamu nene, na kila furushi linatoka kabatini mada yake inapofika. Manila zangu nyingine zina miaka mitano. Mitihani miwili ya karibuni siigusi kabisa hadi Agosti, ili nipate kitu kizima ambacho watoto hawajakiona.

Kingine ambacho walimu wengi hawakitumii ni taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zimo kwenye tovuti ya Baraza, bure, kwa kila somo. Zinaeleza swali baada ya swali watahiniwa walichagua nini na kwa nini wengi walivutwa na kipotoshi fulani. Jumamosi moja niliketi na simu yangu na kurasa hizo za Hisabati, nikajikuta nasoma makosa ya darasa langu kana kwamba mwandishi alikaa dirishani kwetu. Pakua, soma mada unayokaribia kuifundisha, na uingie darasani ukijua pa kuweka uzito.

Moko, yaani mtihani wa majaribio, ikija, ya kata, ya wilaya au ya mkoa, usibandike orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho ukutani. Watoto wa mkiani wanaisoma mara moja na hawarudi tena kuitazama. Badala yake chora jedwali la maswali: swali la ngapi, mada gani, waliokosa wangapi. Swali lililokoswa na zaidi ya nusu ni deni langu, nalifundisha upya kwenye kipindi cha kawaida. Lililokoswa na watoto chini ya kumi nawapa wenzao wawafundishe wakati wa mapumziko, nami nakagua.

Fomu ya OMR

OMR ni fomu ya majibu inayosomwa na mashine. Hapa niwe mkali kidogo, maana watoto wanaojua wanapoteza alama kwa kitu kisichohusiana na akili yao. Karatasi ya kila somo ina maswali 45 na alama 50. Arobaini ya kwanza ni alama moja moja, mtoto anaweka kivuli kwenye herufi kwa penseli ya HB. Matano ya mwisho ni alama mbili mbili, anaandika kwa kalamu ya wino, na kwenye Hisabati anaonyesha njia. Masomo ni sita, jumla alama 300, na daraja C linaanzia 121. Alama kumi zilizopotea kwa kivuli zinaweza kumshusha mtoto daraja zima.

Kwenye moko moja kijana wangu aliruka swali la 17 ili alirudie baadaye, lakini jibu la 18 akalitia kivuli kwenye mstari wa 17, na akaendelea hivyo hadi mwisho. Nilipolinganisha karatasi yake ya kukokotolea nikakuta majibu 36 yalikuwa sahihi. Fomu ilimpa 19. Alilia, nami nilishindwa la kumwambia, kwa sababu sikuwa nimemfundisha.

Sasa tunaanza Juni. Nachora fomu kwa rula kwenye karatasi moja, mwenye mashine ya kurudufu mjini ananitolea nakala. Wanajifunza kujaza duara lote bila kuvuka mstari, kufuta kwa ufutio safi hadi alama ya zamani isionekane, na kutoikunja fomu wala kuishika kwa mikono yenye jasho. Rula inalala chini ya mstari wa swali unaojibiwa na inashuka nao. Kila wakifika swali la 10, la 20 na la 30 wanasimama na kulinganisha namba ya karatasi na namba ya fomu. Ukiruka swali, weka alama ndogo kwenye karatasi ya maswali, siyo kwenye fomu.

Muda nao unafundishwa. Kuna karatasi za saa moja na nusu, Hisabati ni saa mbili. Kwa saa moja na nusu nawazoesha kumaliza yale arobaini ndani ya saa moja, nusu saa ibaki kwa yale matano na kukagua. Sina saa ya ukutani, natumia simu yangu na kuandika ubaoni kila zikipita dakika 15. Swali lisilojulikana kabisa halibaki wazi: kwanza kata vipotoshi ambavyo una hakika si vyenyewe, halafu chagua kwenye vilivyobaki.

Nyumbani

Masika ni msimu wa palizi huku kwetu, na baadaye mpunga unataka watu wa kufukuza ndege. Siwalaumu wazazi, shamba ndilo linalonunua sare. Kwenye kikao cha wazazi cha Februari naomba vitu vitatu tu. Mtoto wa Darasa la Saba asikose shule Jumanne na Alhamisi, siku ambazo nimeweka vipindi vizito. Mchango wa mahindi na maharage ya makande ya mchana ufike, maana mtoto mwenye njaa kipindi cha alasiri hanisikii. Na jioni baada ya chakula, mtoto amweleze mtu mzima jambo moja alilojifunza leo.

Hilo la tatu wazazi wengine walilikataa wakisema hawakusoma. Bibi mmoja akasimama akasema yeye hajui hata kuandika jina lake, ila kila jioni humuuliza mjukuu wake, "Umejuaje?" na hamwachi mpaka aeleze akaeleweka. Nimelibeba swali la yule bibi hadi darasani.

Kuhusu makambi ya kulala shuleni, msimamo wangu ni kwamba mtoto wa miaka 13 aliyelala saa nne usiku kwao na kuamka vizuri atanifanyia zaidi ya aliyekesha na maswali. Wapo wenzangu wenye maoni tofauti, hasa pale ambapo mtoto anatembea kilomita nyingi, na hapo nawaelewa.

Wiki ya mwisho

Mtihani huwa Septemba, siku mbili, Jumatano na Alhamisi. Wiki hiyo sifundishi kitu kipya wala sitoi jaribio. Jumatatu kila mtoto anasoma daftari lake la makosa peke yake. Jumanne tunakagua vifaa: penseli mbili za HB zilizochongwa pande zote, ufutio, kichongeo, rula, kalamu mbili za wino. Ninazo penseli za akiba kwenye bahasha kwa wasio nazo, na nawapa faragha. Tunapita kwenye chumba chenyewe, kila mmoja akae kwenye dawati lake aone mwanga unatokea upande gani. Uji unaiva saa moja asubuhi siku zote mbili, na tumewaomba wazazi wa jirani wawahi kuuwasha moto.

Alhamisi jioni wakishatoka nakusanya madaftari ya makosa kwa wanaopenda kuniachia. Wengi huniachia. Nayapitia wikiendi hiyo, natoa makosa yaliyojirudia zaidi kwenye kila mada, na Jumatatu naingia nayo Darasa la Sita.